Jiko la Sauna Linajisasisha

Mimi Taisto, mstaafu, fundi wa minara ya simu,
mkazi wa Oulu, ambako Januari
mate huganda kabla hayajafika chini,
nina zoea baya kuliko sigara:
nasoma habari za sayansi kabla ya kunywa kahawa.

Kahawa yenyewe, Jumatatu, ilirefusha maisha.
Alhamisi ikaua.
Mwezi huu nimekufa na kufufuka mara nne
na bili ya maji bado inanijua kwa jina.

Betri ya kujaa kwa dakika moja inakuja.
Inakuja tangu nilipokuwa na nywele.
Umeme wa jua lililofungiwa ndani ya tangi
umebakiza miaka thelathini;
ulikuwa umebakiza thelathini nilipokuwa darasa la sita.
Ahadi ni deni, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuwahi kuwakopesha wanafizikia.

Na panya! Heri panya.
Saratani yao imepona, upara wao umeota manyoya,
uzee wao umerudishwa nyuma kama saa za majira ya baridi.
Mimi na goti langu tumeambiwa tusubiri miaka kumi.
Siku hizi najifunza kupenda jibini,
huenda wakanipokea.

Wameona sayari mpya, "pacha wa Dunia".
Kasoro hewa.
Kasoro maji.
Na mchana wake unayeyusha risasi.
Kwa kipimo hicho mimi ni pacha wa mwanasarakasi:
sote tuna viwiko.

Roboti limekunja shati kwa dakika tisa,
ukumbi mzima ukasimama kushangilia.
Irmeli, kwa dakika hizohizo, alikunja kumi na moja
huku akinisema,
na hakuna aliyempigia makofi.
(Nilijaribu. Alinitazama. Nikaacha.)

Akili mnemba niliiuliza namna ya kukausha samaki kwa moshi.
Ikanijibu kwa adabu, kwa vipengele saba,
cha kwanza: mwoshe samaki kwa sabuni.
Kukosea kwa kujiamini namna hiyo
ni kazi ya shemeji yangu Reijo, miaka arobaini sasa,
naye hatumii umeme.

Msinidhanie mpinga maendeleo.
Kipya kinyemi, hata kikiwa kidonda,
na mimi vidonda ninavyo kabati zima:
saa inayonikemea nikikaa,
balbu inayodai nywila,
mswaki unaotuma ripoti, sijui kwa nani.
Na mwezi uliopita nikanunua
jiko la sauna lenye intaneti.

Jumamosi. Nje, digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani, wanaume wanne uchi kwenye benchi la mbao,
Reijo kashika ndoo na upawa, tayari kumwaga maji,
na jiko likatuambia, kwa sauti ya mhudumu wa ndege:
"Tafadhali subirini. Najisasisha."

Asilimia kumi na mbili.

Asilimia thelathini na nne.

Asilimia thelathini na nne.

Kalervo akauliza kama kuni bado zinauzwa.
Reijo akashauri, kwa kujiamini, tulipulizie.

Tulivaa. Nililala na soksi mbili kila mguu.

Alfajiri simu ikalia:
chombo kilichorushwa miaka tisa iliyopita
kimetuma picha yake ya kwanza.
Jiwe.
Jiwe la kijivu, lenye kovu moja ubavuni,
likielea peke yake kwenye giza lisilo na bei.
Nikatokwa na machozi, mzee mzima, uji ukiungua.

Irmeli akachungulia begani kwangu.
"Nini hicho?"
"Jiwe."
"Mawe tunayo uani."

Sikuwa na jibu la kisayansi.
Akazima jiko la uji, lile la zamani, lenye kitufe,
akavaa miwani, akavuta kiti.
"Hebu likuze kidogo," akasema.